Kabla ya kununua kochi, chora sakafu kwa chaki

*Swali: Shikamoo dada. Nimejenga nyumba tatu za vyumba vitatu Mangamba, hapa Mtwara. Zote zimeisha, zina umeme na maji, lakini mwezi wa tano huu watu wanakuja, wanazunguka, wanasema "tutarudi", na hawarudi. Dalali ananishauri nyumba moja niiwekee samani iwe ya maonyesho. Nimetenga milioni sita. Nawaza kuagiza Dar es Salaam kochi la L, shokesi kubwa, meza ya chakula ya watu sita na vitanda vya sita kwa sita vyumba vyote. Sebule ni mita 4 kwa 3.6. Je, niende hivyo? Na mnunuzi akizipenda samani, nimuuzie pamoja na nyumba?*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Kufikisha nyumba tatu hadi kwenye umeme na maji kwa hela yako mwenyewe ni kazi kubwa. Dalali wako amekushauri vizuri. Orodha yako ndiyo naomba tuivunje kabla hujatuma hata shilingi Dar.

Tuanze na hao wanaosema "tutarudi". Chumba kitupu hakina cha kupimia. Mtu anasimama mlangoni, anaona kuta nne na marumaru, anajiuliza kimoyomoyo kama kitanda chake kitaingia, na kwa kuwa hakuna cha kumjibu, anaondoka akiamini hakitaingia. Chumba hichohicho ukikiwekea kitanda kinaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa kitupu, maana jicho limepata kitu ambacho ukubwa wake linaujua. Hiyo ndiyo kazi ya samani kwenye nyumba ya maonyesho: kumwonyesha mgeni kwamba humu mtu analala, hapa watu wanapita, pale mama anakaa na ungo wake wa mchele. Kipande kisichofanya kazi hiyo, hata kiwe kizuri namna gani, kinakula nafasi ambayo wewe unaiuza.

Sasa pima sebule yako kwa hesabu. Makochi mengi ya L yana upande mrefu wa karibu mita 3 na upande mfupi unaotoka ukutani mita 2 na zaidi. Tuseme 2.2. Ukuta wa pili umeweka shokesi, kina chake sentimita 50. Kwenye upana wa mita 3.6 umebakiwa na sentimita 90, na hapo stuli ya katikati bado. Meza ya chakula ya watu sita ina upana wa sentimita 90, na kila upande kiti kinahitaji sentimita 75 ili mtu akivute na kukaa. Hiyo ni mita 2.4 imekwenda kwa meza peke yake. Haiingii. Ukiilazimisha utakuwa na stoo ya fenicha yenye televisheni.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe, ndiyo maana nalisema kwa uchungu. Nyumba ilikuwa Shangani, sebule yake ndogo kidogo kuliko yako, na mwenye nyumba alitaka kochi la L la rangi ya maziwa. Nikakubali kwa sababu lilipendeza kwenye picha. Akaja mume na mke na mtoto amelala begani kwa mama. Kutoka mlangoni kwenda korido ilibidi yule mama apite kiubavu kati ya mkono wa kochi na meza. Mguu wa mtoto ukagonga kochi, kiatu kimoja kikadondoka. Akainama kukiokota, akaiangalia ile njia, akamwangalia mumewe. Vyumba vya nyuma waliviona kwa dakika mbili tu, na bei hawakuuliza. Jioni ile nililitoa kochi, tukaweka la watu watatu na viti viwili vya mninga vya kuazima. Nyumba haikuuzwa kesho yake, ilichukua wiki kadhaa. Ila hakuna mgeni aliyepita kiubavu tena.

Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla ya kuchora. Chukua chaki na futi ya fundi, ingia sebuleni, chora kila kipande juu ya marumaru kwa ukubwa wake halisi. Chora na mlango unavyofunguka, ule upinde wake, kwa sababu milango ndiyo husahaulika. Kisha tembea: ingia kama mgeni, nenda korido, nenda jikoni ukiwa umebeba sinia kwa mikono miwili. Njia kuu isipungue sentimita 90. Kati ya kochi na stuli acha 45, mtu akae bila kugonga magoti na afikie kikombe bila kuinuka. Ukikanyaga mstari wa chaki hata mara moja, kipande hicho ni kikubwa mno au kiko mahali pabaya.

Kwa vipimo vyako, mimi ningeweka kochi moja la watu watatu lisilozidi mita 2, lenye miguu inayoliinua kutoka chini. Sakafu ikionekana chini ya kochi, chumba kinapumua. Viti viwili vyepesi vya mbao vyenye mito, stuli ya duara, na kabati la chini la televisheni lenye kina cha sentimita 40. Televisheni yenyewe si lazima, inatosha soketi ionekane ilipo. Shokesi iache kabisa. Najua kwetu shokesi ni heshima ya nyumba, mama yangu aliipenda yake kuliko kabati la nguo, lakini kila familia ina vyombo vyake na namna yake ya kuvipanga. Shokesi yako iliyojaa glasi itamwambia mnunuzi kwamba nyumba hii ni ya mtu mwingine.

Meza ya chakula iwe ya watu wanne, ikae karibu na jiko, tena ya duara ikiwezekana maana haina kona za kugonga nyonga. Na kwenye baraza la nyuma tandika mkeka mkubwa wa ukindu na kigoda kimoja. Familia nyingi za Mtwara na Lindi zina meza lakini zinakula mkekani, hasa watu wakiwa wengi. Mnunuzi akiona pana nafasi ya kuzunguka sinia moja, unakuwa umemjibu swali ambalo asingekuuliza.

Hapo ndipo ninapotaka ukae ufikiri: anayekuja kununua nyumba Mangamba ni nani? Ni mtumishi wa serikali aliyechoka kupanga, mfanyakazi wa bandari au wa kiwanda cha saruji cha Dangote, mstaafu anayerudi nyumbani kutoka Dar, mkulima aliyepata msimu mzuri wa korosho. Miaka ile ya gesi, kuanzia 2012 hivi, wengi walizipamba nyumba zao kwa ajili ya wageni wa makampuni ya gesi, wakajaza makochi ya ngozi bandia na meza za vioo. Wageni walipopungua, vitu vile vilibaki vinabanduka kama ganda la kitunguu kwenye nyumba zisizo na mtu. Ngozi bandia kwa joto letu inanata mapajani ukiwa umekaa dakika kumi. Chukua kitambaa cha pamba au kitani kizito, rangi ya mchanga au ya majani makavu, yenye foronya za kuvuliwa na kufuliwa.

Mnunuzi huyo ana mambo anayoyatazama kimyakimya. La kwanza ni stara. Keti kwenye kochi lako ulilolichora kama mgeni wa kiume, uangalie: unaona mlango wa chumba cha kulala? Unaona mlango wa choo? Kama unaona, geuza kochi, au weka pazia zito mwanzo wa korido. Hili nimeona likiua biashara ambayo bei yake walikuwa wameshakubaliana. La pili ni ibada. Familia nyingi hapa ni za Kiislamu, na kwetu Mtwara kibla iko karibu kaskazini kabisa. Kwenye chumba kikubwa acha kona moja tupu yenye nafasi ya msala, isiyozibwa na kabati. Msala wenyewe usiutandike kama pambo, si heshima. Mwenye kuhitaji ataiona nafasi.

Na kwa sababu hiyohiyo, kuwa na kiasi na vinyago. Sanaa ya Wamakonde ni fahari yetu, na ningependa kila nyumba ya mkoa huu iwe na kipande cha mpingo. Ila kinyago cha shetani sebuleni kuna watu hawawezi kulala nacho nyumba moja. Weka bakuli la mpingo juu ya stuli, moja tu. Mpingo ni mzito hata majini unazama, kwa hiyo mtu akilinyanyua anasikia uzito wake mkononi, na bakuli hilo moja linatosha.

Vyumbani, kitanda cha sita kwa sita kiwe cha chumba kikubwa peke yake, na kiwe hivyo iwapo kila upande zinabaki sentimita 60 za kushukia na kutandikia. Zisipobaki, weka tano kwa sita. Usifanye ujanja wa kuweka kitanda cha futi nne kwenye chumba cha wazazi ili kionekane kikubwa. Watu wanajua kitanda chao. Mama mmoja Lindi alilala chali juu ya kitanda cha maonyesho, akanyoosha mikono, vidole vikapita ukingo wa godoro pande zote mbili, akasimama bila neno. Chumba cha pili weka tano kwa sita na kimeza kidogo. Cha tatu kifanye cha mtoto wa shule: kitanda cha futi tatu na nusu, meza ya kusomea chini ya dirisha, kiti. Mzazi akiona ile meza anamuona mwanawe amekaa pale. Chandarua kitundikwe kwenye kila kitanda na kifungwe vizuri juu. Watu wakiona chandarua kimening'inia wanajua aliyeipanga nyumba hii anaishi pwani.

Jikoni hakuhitaji mengi. Onyesha mahali pa friji kwa kupaacha wazi karibu na soketi, weka jiko la gesi na mtungi wake mahali salama penye hewa, na mbuzi ya kukunia nazi pembeni. Usisahau nje: watu watauliza mkaa na kuni vinapikiwa wapi.

Sasa Dar au hapa. Mimi nasema hapa, na sababu ya kwanza ni barabara. Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita karibu 560, fenicha juu ya lori, na Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya tuliona njia ilivyokatika kule Somanga, magari yamekwama pande zote. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: unyevu na chumvi. Vitu vingi vya dukani vinavyong'aa ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Niliwahi kufungua droo ya kabati la namna hiyo, nyumba iko hatua chache kutoka ufukweni, baada ya masika moja tu. Droo ilikataa. Nilipoivuta kwa nguvu ukabaki mkononi uso wake, na chini ya mbavu zake mbao imefura kama mkate uliodondoka kwenye chai. Skurubu zilikuwa zimeacha michirizi ya kutu hadi kwenye marumaru. Mnunuzi anayevuta droo ya namna hiyo haoni kabati bovu, anaona nyumba yenye unyevu.

Kwa fundi wa hapa utapata mninga, ambao hausinyai wala haupindi sana ukishakauka, au mkongo, ambao mchwa wanaukimbia, au msaji wa Rondo. Dai mambo mawili. Kwanza risiti na kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, cha kusafirisha mbao hizo, kwa sababu mninga wa kuibwa ni aibu kwako na hasara kwa misitu yetu. Pili, mbao kavu, na hapa usimwamini mtu kwa mdomo. Chukua vipande viwili vya mti mmoja, ukubwa sawa, uvinyanyue. Kilicho kizito zaidi bado kina maji. Weka ubao shavuni: mbichi una ubaridi kama mtungi, mkavu hauna. Mzee wangu, aliyekuwa seremala Mikindani, alihesabu karibu mwaka mmoja wa kivulini kwa kila inchi ya unene, na alikuwa na subira ambayo mafundi wa leo hawapewi na wateja. Kiti cha mbao mbichi kitapendeza siku ya kwanza, na mwezi wa pili viungo vitaanza kulia mtu akikaa. Hakuna sauti mbaya zaidi ya hiyo mbele ya mteja.

Agiza skurubu na bawaba za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Vanishi ipakwe wiki tatu kabla ya mgeni wa kwanza, harufu iishe. Na kwa kuwa nyumba ni mpya na plasta bado inatoa maji, kabati lolote liache sentimita 5 kutoka ukutani. Kila Jumatatu angalia nyuma yake kama kuna njia ya udongo ya mchwa. Nyumba mpya nao wanaipenda.

Kuhusu milioni sita: usizitumie zote kwa samani. Nenda kwa seremala mzuri, mwambie una nyumba ambayo watu wenye hela wanapita kila wiki, kama atakubali kuweka humo baadhi ya kazi zake kwa miezi mitatu. Andikeni karatasi: vitu gani, bei ya kila kimoja, nani analipa kikiharibika, na kikiuzwa nani anapata nini. Wengi watakubali. Hela yako mwenyewe iende kwenye kochi, kitanda kikubwa na godoro lake, kisha kwenye pazia na taa, ambavyo watu huvidharau. Akiba kidogo ibaki ya kurudia rangi kwenye mikwaruzo.

Pazia ziwe ndefu hadi sakafuni, fimbo yake ipite dirisha sentimita 20 kila upande, ili mchana pazia likae ukutani na dirisha lote libaki wazi kwa upepo. Ukumbuke jua letu. Mtwara tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, jua linapita utosini Oktoba na tena Februari, na katikati ya mwaka linakaa kaskazini. Kochi lililo mbele ya dirisha la kaskazini litapauka kati ya Machi na Septemba, kwa hiyo dirisha hilo ndilo la pazia zito. Taa chagua za mwanga wa joto, zile zilizoandikwa Kelvini 3000. Zile nyeupe za samawati zinafanya sebule ifanane na zahanati.

Wakati nao una hesabu yake. Minada ya korosho huanza Oktoba na hela huingia mikononi mwa watu kuanzia hapo hadi mwisho wa mwaka. Nyumba yako iwe tayari Septemba. Lakini kumbuka mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba, yaani wateja wenye hela watakuja na matope miguuni. Basi zulia jeupe usinunue. Weka jamvi kubwa la kupangusia miguu barazani na rafu ya viatu ya mbao karibu na mlango, watu wavue bila kuinama juu ya tope. Siku ya mgeni fungua madirisha yote masaa mawili kabla hajafika, umpokee mchana wakati upepo unapita. Umeme ukikatika, nyumba iliyopangwa kwa mwanga wa dirisha haiharibikiwi na kitu.

Swali lako la mwisho. Samani usiziingize kwenye bei ya nyumba. Ukisema "nyumba na vyote vilivyomo", mnunuzi atapunguza bei ya nyumba kwa kisingizio cha kochi asilolitaka. Taja bei ya nyumba peke yake. Akiulizia samani, mpe karatasi nyingine yenye kila kipande na bei yake, akichagua kitu kiandikwe kwenye kiambatanisho cha mkataba. Vya seremala auze seremala. Makabati yaliyojengewa ukutani ni mali ya nyumba, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu majengo na vitu vilivyojengewa ardhini kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Hayo usije ukayang'oa baada ya kuuza. Na samani za nyumba ya maonyesho, hata zikishachaguliwa, usizikabidhi kabla nyumba zote tatu hazijapata wenyewe. Nyumba ya kwanza ikiuzwa, zihamishie ya pili jioni hiyohiyo.

Kachore kwanza. Ukimaliza nitumie vipimo: urefu wa kila ukuta wa sebule, mlango wa mbele uko umbali gani kutoka kona, unafungukia upande gani, na soketi ziko wapi. Nitakuambia kochi la futi ngapi umwagize fundi.